Mwaka Walipomwambia Mbuyi Arudi Kwao

Kila mwaka wa uchaguzi kuna asubuhi moja inayonirudia, mjukuu wangu Heritier, hata nikiwa jikoni nakoroga bukari, ugali wetu. Ni asubuhi ambayo mikate ya babu yako ilikosa wanunuzi. Niache niisimulie nikiwa nimesimama, maana tangu magari ya vipaza sauti yaanze kupita hapa Kasungami siwezi kutulia mahali pamoja. Nikikaa, miguu inataka kutoka nje. Nikitoka, roho inataka kurudi ndani nikahesabu wanangu kama wote wapo.

Babu yako Mbuyi hukumjua vizuri. Alipofariki wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Kazi yake ilikuwa kuoka mikate. Baba yake aliletwa kutoka Kasai enzi za Wabelgiji kuja kufanya kazi ya reli, na Mbuyi mwenyewe alizaliwa hapa Lubumbashi, akacheza katika vumbi la hapa, akajua Kiswahili kabla ya Kiluba cha wazazi wake. Kasai hakuwahi kuiona hata siku moja. Mimi ni mtu wa Kasomeno, kwenye barabara ya Kasenga, mama yangu akiuza samaki wakavu pale sokoni. Tulipooana hakuna aliyetuuliza nani katoka wapi. Waliuliza tu kama huyu kijana ananywa pombe, na kama mimi najua kupika.

Nyuma ya nyumba yetu alijenga tanuri la matofali. Asubuhi mtaa mzima ulijua mkate umeiva kwa harufu, na watoto walikuja na mabeseni kabla ya kwenda shule. Tukamzaa kwanza mama yako, tukampa jina la mama wa Mbuyi, Kapinga, na tangu hapo mimi nikawa Mama Kapinga mtaani kote.

Mdogo wangu wa kiume, Mulenga, alikuja kutoka Kasomeno kusoma, akakaa kwetu. Ndiye huyu babu yenu Mulenga mnayemwona akizima redio taarifa ya habari ikianza. Wakati ule alikuwa kijana mwenye maneno mengi na mikono myepesi. Alimsaidia Mbuyi kukanda unga, na wakikanda walibishana mpaka mimi nacheka chumbani.

Halafu nchi ikaanza kuporomoka. Nasema kuporomoka kwa sababu haikuanguka siku moja. Mashine za mgodini zilisimama moja baada ya nyingine. Wanajeshi walivunja maduka, na siku iliyofuata raia waliingia kumalizia kilichobaki. Walimu walifundisha bila mshahara, halafu wakaacha kufundisha. Ukienda hospitali ulibeba dawa yako mwenyewe, na shuka yako, na maji yako. Katikati ya hayo yote rais wa zamani akaruhusu vyama vingi, na kila mtu aliyekuwa amefunga mdomo tangu utoto akaufungua siku ile ile.

Sitasema uongo, mwanangu: ilikuwa tamu. Watu walisimama njiani kujadili sheria kama wanajadili mpira. Jimbo lijitawale au lisijitawale? Mali ya shaba ibaki hapa kiasi gani, na kiasi gani iende Kinshasa? Mulenga aliuliza mambo ya maana. Kwa nini, aliuliza huku unga umemjaa mikononi, treni za shaba zinapita kila wiki na watoto wa wachimbaji wanakaa chini darasani? Mbuyi alimwambia kwamba hata yeye anataka kujua. Walikuwa upande mmoja, wale wawili. Ukiniuliza hata leo, nitakwambia swali la Mulenga lilikuwa swali zuri, na bado halijajibiwa.

Lakini chama kilimsikia anavyozungumza, kikamchukua, kikampa kipaza sauti. Na mimi niliyekuwa nikisikiliza kila siku nilisikia swali likigeuka mdomoni mwake, pole pole, kama maziwa yanavyoganda bila wewe kuona ni saa ngapi yameganda. Mwanzo alisema: shaba yetu inakwenda wapi? Baadaye akasema: nani anakula kazi zetu? Mwisho ikawa: nani si wa hapa? Alipofika hapo hakuja tena kukanda unga. Alihama kwetu, akaenda kulala na wenzake wa chama.

Sasa ile asubuhi. Mbuyi alitoa mikate, akaipanga juu ya meza kama kawaida, na hakuna aliyekuja. Jirani yetu wa mlango kwa mlango, mwanamke niliyemshika mkono alipokuwa anajifungua, alipita na beseni tupu, akiangalia upande mwingine. Nilimfuata. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wamepita vijana, wamesema atakayeonekana ananunua kwa Mkasai naye atahesabiwa mmoja wao. Aliniomba msamaha, akaenda. Nilirudi nikamkuta Mbuyi amesimama mbele ya meza, mikate inapoa. Alichukua kitambaa akaifunika, kama mtu anavyofunika mgonjwa.

Mchana wa siku hiyo Mulenga alikuja. Hakuja na kundi, alikuja peke yake, na naamini mpaka leo kwamba alifikiri anatusaidia. Alikataa kiti.

"Yaya," aliniambia, kama tunavyomwita dada mkubwa, "sikuye kugombana. Bantu banaenda kupita mu nyumba zote. Weye uko mutoto wa hapa. Kamata batoto, uende nabo kwa mama. Ule bwana arudi kwabo."

Mbuyi alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, akamjibu kabla yangu.

"Shemeki, kwetu njo wapi?"

Mulenga aliangalia sakafu. Alisema watu wote wanajua ni wapi, kwamba stesheni imejaa watu wanaosubiri treni, na kwamba ni afadhali kuondoka sasa kwa miguu yako kuliko kungoja kutolewa. Halafu akatoka haraka, na mimi nikabaki nimeshika mlango.

Kweli stesheni ilikuwa imejaa. Nilikwenda kuona kwa macho yangu. Familia zilikuwa zimekaa chini na magodoro, masufuria, kuku waliofungwa miguu, na treni haiji. Mama mkwe wangu, Kapinga mkubwa, alikuwa pale na wanawe wengine, ameketi juu ya kifurushi, amevaa kitenge chake cha kanisani. Nilimwambia Mbuyi anataka kuungana naye. Yule mama alikataa. Alisema yeye ni mzee, safari yake ni fupi popote inapokwenda, lakini Mbuyi ana mke na watoto, na mahali pa mwanamume ni pale walipo watoto wake. Kisha alinigeukia mimi, akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili.

"Kama unabakia naye," aliniambia, "ubakie naye kabisa. Usibakie nusu."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo yakinichoma. Nilizunguka ile nyumba kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Nikifikiria kupanda treni kwenda nchi nisiyoijua, na watoto wadogo, moyo ulikataa. Nikifikiria kubaki mtaani, nilisikia hatua za watu uani hata kama hakuna mtu. Nikifikiria kwenda kwa mama yangu bila Mbuyi, mguu haukusogea. Mbuyi yeye alikuwa anafagia tanuri. Tanuri ambalo hataliwasha tena, na alilifagia vizuri, kila pembe.

Aliyetutoa pale ni mtu ambaye sikumfikiria. Papa Kambale alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, Mkristo wa kusali sana, anaishi mtaa wa Makomeno mjini, ana lori, na ndiye aliyetuuzia unga. Alipoona Mbuyi hakuja kuchukua magunia yake, alipanda lori akaja mwenyewe. Tulimweleza. Alisikiliza kofia ikiwa mkononi. Halafu akasema lori linakwenda Kasomeno kupeleka unga kesho asubuhi, na kwamba nafasi ipo katikati ya magunia. Mbuyi alimwuliza kama hajiogopei mwenyewe.

"Naogopa," alisema Papa Kambale. "Miye pia nilikuyaka hapa na barabara. Kama leo ninafunga macho, kesho bakikuya kwangu nitaita nani?"

Tukaondoka. Mimi na watoto tulikaa mbele na dereva, Mbuyi akalala nyuma kati ya magunia. Nilikuwa nimemfundisha mama yako kwamba akiulizwa jina aseme Marie, jina lake la ubatizo, asiseme Kapinga, jina la Kasai. Alikuwa mdogo, bado anachanganya kulia na kushoto. Kabla ya kutoka mjini vijana walikuwa wameweka gogo njiani. Mmoja aliingiza kichwa dirishani, akaniuliza ninakwenda wapi. Nilimjibu kwa lugha ya kwetu, ya barabara ya Kasenga, akatabasamu. Halafu akamwuliza mtoto: unaitwa nani? Mtoto aliniangalia kwanza, akasema Marie. Kijana akaondoa gogo. Lori liliposogea mtoto aliniangalia tena, akaniuliza kama amesema uongo. Mwanangu, nimepitia mengi, lakini lile swali la mtoto ndilo linanifanya niinuke kitini mpaka leo.

Mama yangu alitupokea Kasomeno bila maswali. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu kama samaki aliowauza, na hakupenda maneno mengi. Alimwonyesha Mbuyi chumba cha nyuma, akamwambia akae ndani mpaka yeye ajue upepo wa pale unavuma wapi. Mbuyi alikaa ndani. Mtu aliyezoea kuamka kabla ya jogoo na kuwasha moto akakaa katika chumba kisicho na dirisha, akisikiliza soko nje. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Nilimwona anakonda, na nilianza kuogopa kwamba nimemtoa kwenye hatari moja nikamtia kwenye nyingine.

Siku moja ya soko, mchana, gari la chama liliingia Kasomeno. Lilikuwa na bendera na vijana wengi, na aliyesimama juu yake na kipaza sauti alikuwa Mulenga. Watu walijaa. Mimi nilikuwa kwenye meza ya samaki pamoja na mama. Alizungumza vizuri, mdogo wangu, nikubali. Alianza na barabara mbovu, watu wakaitikia. Akaja kwenye shule, wakaitikia zaidi. Halafu akafika pale nilipojua atafika. Alisema barabara ni mbovu na shule hazina madawati kwa sababu ya watu wa kuja, na jimbo litasimama siku watakapoondoka wote.

Hapo mtu mmoja katikati ya umati akapaza sauti kwamba hata Kasomeno yupo mmoja, amefichwa katika nyumba ya mama muuza samaki.

Watu wote waligeuka kututazama. Vijana wa gari walianza kushuka. Nilimtazama Mulenga. Nakwambia hakuwa anajua. Uso wake ulibadilika, kipaza sauti kikabaki mkononi. Angeweza kusema: hapana, mwacheni. Angeweza kusema: mchukueni. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kukawa ruhusa, kwa sababu wenzake waliendelea kushuka.

Mama yangu alifuta mikono kwenye kitenge chake. Alitembea mpaka mbele ya gari, na watu wakampisha kwa sababu walimjua. Hakuinua sauti. Waliokuwa nyuma iliwabidi wanyamaze ndipo wasikie.

"Mulenga," alisema, "ule muntu banatafuta ni bwana ya dada yako. Iko mu nyumba yangu, miye njo nilimuweka. Kama munafukuza bantu ba kuya, muanze na miye. Baba yangu alizaliwaka ng'ambo ya Luapula, akavuka na mutumbwi, akaoa hapa. Hakukuwa wa hapa. Miye njo mutoto yake, na weye uko mutoto yangu. Sasa sema na kile chombo yako: siye tunarudi wapi?"

Kasomeno ni mji wa biashara, mwanangu. Nusu ya watu waliosimama pale walikuwa na babu aliyevuka mto, au bibi aliyekuja na mzigo wa samaki akabaki. Niliona watu wanaangaliana. Yule aliyepaza sauti sikumwona tena. Mzee mmoja akacheka kidogo, si kwa dharau, akasema kwamba kwa hesabu hiyo soko litabaki na mbwa peke yao.

Kiongozi wa lile kundi alimtazama Mulenga kama anamwona mara ya kwanza. Alimwuliza kama ni kweli kuhusu babu yake. Mulenga alisema ni kweli. Kiongozi akamnyang'anya kipaza sauti, akamwambia ashuke. Mulenga akashuka. Gari likageuka, likaondoka kurudi mjini, na yeye akaachwa pale katikati ya soko, na kofia ya chama kichwani.

Ungetaka niseme kwamba walikumbatiana, yeye na Mbuyi. Hapana. Mulenga alikaa nje ya uzio mpaka jua lilipozama, haingii, haondoki. Mbuyi alitoka chumbani, kwa mara ya kwanza tangu tufike, akasimama uani kwa muda mrefu akimtazama. Halafu akaanza kukusanya matofali yaliyovunjika nyuma ya nyumba, na kesho yake akaanza kujenga tanuri. Mulenga alikuja kumkandia udongo. Walifanya kazi siku nzima bila kubishana, na mimi niliyezoea kelele zao niliona ule ukimya ni mzito kuliko matusi.

Baadaye sana tulipata habari za stesheni. Mama mkwe alipanda treni mwishowe, na hakufika. Alizikwa pembeni ya reli, mahali ambapo treni ilisimama kwa muda, na hakuna aliyeweza kutuonyesha ni wapi. Mbuyi alipoambiwa aliuliza tu kama alikuwa bado na kitenge chake cha kanisani. Mambo yalipopoa tulirudi Lubumbashi tukakuta watu wengine ndani ya nyumba yetu, na tanuri limevunjwa. Ndipo tukaja hapa Kasungami, palipokuwa mashamba, tukaanza upya. Mulenga alipooa, Mbuyi alioka mikate yote ya sherehe. Lakini mpaka anakufa hakuwahi kula katika nyumba ya Mulenga, hata kipande. Na Mulenga hakuwahi kumwuliza kwa nini.

Sasa wewe. Jana nilikusikia uani ukizungumza kwenye simu na wenzako wa chama. Sikukusudia kusikiliza, sauti yako ni kubwa, umeirithi kwa mtu tunayemjua. Mlikuwa mnajadili ile sheria, kwamba anayetaka kuongoza lazima baba na mama wawe wa nchi hii, na kwamba jimbo liongozwe na wana wa jimbo. Hilo ni jambo la kujadili, jadilini. Kisha ukamtaja mtu mmoja aliye kwenye chama kingine, ukacheka, ukasema: "Huyo arudi kwabo." Nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo ya mboga, ikanidondoka yote. Ni mtoto wa Kapinga aliyesema hivyo. Ni mjukuu wa Mbuyi.

Sikukaripii. Umeme unakatika, kobalti inapita barabarani kwenye malori usiku na mchana, na wewe una digrii na huna kazi. Una haki ya kupiga kelele, na mimi nitakwenda kupiga kura na miguu yangu hii inayouma. Lakini nisikilize vizuri, kwa sababu sitakuwapo kwa chaguzi nyingi.

Ukiuliza kwa nini barabara ni mbovu, usikubali kupewa jirani yako kuwa jibu. Mrudie mwenye kukujibu, umwambie: nimekuuliza barabara. Siku utakaposikia swali lenu limeanza kugeuka, kutoka kitu gani kimeharibika kwenda nani aondoke, simama hapo hapo, hata kama kipaza sauti kiko mkononi mwako, hata kama umati unakuitikia. Na siku watu wataanza kushuka kwenye gari kwenda kwenye nyumba ya mtu, usinyamaze. Sema neno. Utapoteza cheo, utapoteza marafiki, lakini utaweza kukaa na ndugu zako mezani mkala pamoja. Chama chako kipende. Ila ujue kinakuja na kuondoka, na hawa unaogombana nao mtandaoni ndio watakaobeba jeneza langu pamoja nawe.

Mungu akupe mdomo mkali wa kuwauliza wakubwa na moyo mpole kwa mtu wa mlango wa pili. Akulinde mwaka huu mpaka upite, wewe na wa chama chako na wasio wa chama chako. Watoto utakaowazaa wawe na jina moja tu, la kulitaja popote, mbele ya mtu yeyote, bila kumwangalia mama yao kwanza.